Mashua Chache, Mlango Mmoja

Bahari sikuwa nimeiona. Maji makubwa kuliko yote niliyoyajua yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe kule Soy, na hilo wakati wa kiangazi lilikauka mpaka ukalivuka bila kulowesha pindo. Kwa hiyo watu hushangaa nikiwaambia kwamba nilipokuwa kidato cha nne, katika shule ya bweni ya wasichana ukipita Kimumu, nje kidogo ya Eldoret, kitu kilichoninyima raha kilikuwa meli. Nasema zile meli kubwa za zamani zilizovusha watu kutoka Ulaya kwenda Amerika, zenye ghorofa na kumbi za kulia chakula, ambazo zilipoanza kuzama ndipo watu walipong'amua kwamba mashua za kuwaokoa hazitoshi.

Niliyasoma hayo katika kitabu cha maktaba kisicho na jalada. Mzungu mmoja aliyeuza shamba akarudi kwao aliiachia shule vitabu vyake, vingi vikiwa vya sala na vya kufuga kondoo, na katikati yao hicho kimoja cha meli. Nilikiazima kwa ajili ya picha. Nilikirudisha nikiwa na hasira ambayo, namshukuru Mungu, haijanitoka hadi leo.

Kwanza nilikasirishwa na sheria. Sheria ya wakati ule ilikadiria mashua kwa uzito wa meli. Watu waliomo haikuwahesabu. Meli zikazidi kukua, sheria ikabaki palepale, na wenye meli wakatii sheria wakalala usingizi. Nafasi ya kuongeza mashua ilikuwapo, lakini mashua nyingi zingejaza sehemu ya juu ambako abiria wa daraja la kwanza walipenda kutembea na kupunga hewa. Kisha nikasoma yaliyofuata, nikakasirika zaidi. Meli moja ilipogonga barafu, mashua za kwanza zilishushwa zikiwa nusu tupu, hata hizo chache zilizokuwapo. Watu hawakuamini. Meli ilikuwa na taa na joto. Nani aache hayo ajitie kwenye kijimashua juu ya maji baridi? Na wale wa daraja la tatu, huko chini kabisa, hawakuijua njia ya kupanda juu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha, na milango mingine njiani ilikuwa imefungwa. Walipanda wakiburuta masanduku. Wengi wao walikuwa wahamiaji, na ndani ya sanduku ndimo yalimokuwa maisha yao yote.

Hapo kwenye masanduku niliinua macho nikatazama bweni letu.

Lilikuwa jengo refu la mbao lenye paa la mabati na dari ya hadibodi. Madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa mbele ulitazama ukumbi wa chakula, na huko ndiko tulikolala sisi wa kidato cha nne, penye taa nzuri na nafasi ya kupigia pasi. Mlango wa nyuma ulitazama uwanja wa netiboli, nao ulikuwa umefungwa kwa kufuli tangu kabla sijafika pale. Kidato cha pili na cha tatu walikuwa na bweni lao, kwa hiyo karibu na mlango huo walilala wa kidato cha kwanza, kwenye baridi, na masanduku ya bati ya bweni zima yalikuwa yamerundikwa mlangoni mpaka usawa wa bega. Hakuna aliyeuita mlango. Tulipaita ukutani.

Nilikuwa kapteni wa bweni, cheo cha kuhakikisha sakafu imepigwa deki na taa zimezimwa. Siku iliyofuata nikaenda kwa mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, nikamwomba mlango wa nyuma ufunguliwe na turuhusiwe kufanya zoezi la kutoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa haki, lakini miaka ile haki peke yake haikumlinda mtu. Chama kilikuwa kimoja na masikio yake yalikuwa mengi, na mwenyekiti wa bodi yetu alikuwa mkubwa wa chama katika lokesheni, eneo lote la Chifu wetu. Neno moja barazani kwamba mwalimu fulani anafuga wachochezi lilitosha kumwondoa mtu kazini.

"Unataka wasichana wakimbie nje wote pamoja, na barabara iko hapo," Madam akasema. "Chifu akiona atasema ni nini?"

"Atasema ni zoezi, Madam."

"Atasema ni strike."

Nikaondoka. Kesho yake baada ya gwaride nikarudi, nikasalimia, nikasema nimekuja kwa ule mlango. Kesho kutwa vilevile. Mara akaniambia ana wageni, mara akaniambia wasichana wataponyoka kwenda disko mjini, mara akanitazama tu juu ya miwani mpaka nikatoka. Sikuwa na hoja mpya hata moja. Nilikuwa na miguu, na ofisi haikuwa mbali. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilianza kunikwepa macho tulipokutana kwenye varanda.

Hatimaye akakubali, bila furaha. Kufuli ingetolewa na komeo kuwekwa kwa ndani. "Lakini msichana mmoja akionekana mjini," akasema, "sitamwita baba yake. Nitamwita wako." Baba yangu alikuwa na duka dogo la blanketi na mafuta ya taa Eldoret. Alikuja huku kutoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, na katika watoto wake wote mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika kidato cha nne. Madam alijua vizuri anachonitaka niweke rehani. Nikamshukuru nikakimbia kabla hajabadili nia.

Kufungua mlango kulikuwa nusu ya kazi. Ilibidi kuyaondoa masanduku, na kila mtu akae na lake kitandani kwake. Wa kidato cha kwanza walibeba yao bila neno. Wenzangu wa kidato cha nne ndio walionuna, maana ile nafasi yao ya kupigia pasi na kuchemshia chai ya wizi iliisha siku hiyohiyo. Wakayapanga masanduku yao kandokando ya mlango wa mbele ili wasibanwe vitandani. Nikawaambia wanajifungia kama watu wa ile meli. Rafiki yangu, tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa tangu kidato cha kwanza, yeye juu mimi chini, akacheka.

"Hii ni Eldoret," akaniambia. "Hapa utazama kwa maji gani?"

Tangu siku hiyo wakaniita Mama Meli. Sikuumia sana. Jina halivunji mfupa.

Katika kitabu kile kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Baada ya ile ajali kubwa, kila meli iliongezewa mashua, na chombo kimoja kilichokuwa kikibeba watu kwenda matembezini kikalemewa juu na mashua hizo mpya, kikapinduka kikiwa bado kimefungwa gatini. Meli nyingine kubwa ilipopigwa ubavuni ililala upande mmoja, na mashua zake nyingi hazikuweza kushushwa ingawa zilitosha. Kwa hiyo nilijua kwamba mlango ulio wazi hauokoi mtu asiyezoea kuutumia. Lazima miguu ijue kabla ya kichwa.

Filimbi Madam aliikataa; alisema inafanana na ya polisi. Nikatumia sahani yangu ya bati na kijiko. Zoezi la kwanza nililifanya Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nikagonga sahani, nikapaza sauti kwamba bweni linaungua, tokeni.

Wa kidato cha nne hawakuinuka. Wa kidato cha kwanza waliinuka wote, na kila mmoja akabeba sanduku lake. Wengine wakayaweka kichwani, wengine wakayaburuta mpaka sakafu ikalia, na wawili wakasaidiana kubeba moja ili warudie la pili. Wakafika mlango wa nyuma, ambao ulikuwa wazi kabisa, uwanja unaonekana, na hapo wakasimama na mizigo yao. Nikawauliza wanangoja nini. Mmoja akanijibu kwa heshima kwamba wanawangoja wa kidato cha nne watangulie.

Asiyesoma shule zetu za bweni atadhani walikuwa wajinga. Wale watoto walikuwa na wiki chache tu shuleni, na jambo la kwanza walilofundishwa, kabla ya wimbo wa shule, ni kwamba kidato cha kwanza hakipiti mlangoni mbele ya kidato cha nne. Tulikuwa tumewafundisha sisi wenyewe. Kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya chakula, kila mahali wanangoja. Basi na moto nao wakaungojea ruhusa.

Jioni ile nilihama kitanda changu. Nikaacha ule upande wenye taa nikaweka godoro langu kwenye kitanda kitupu karibu na mlango wa nyuma, katikati ya wa kidato cha kwanza. Wenzangu waliona nimejishushia hadhi, na rafiki yangu hakusema nami siku kadhaa. Iliniuma, sitasema uongo. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na mtu akishaamua hupungukiwa na mambo ya kuwaza.

Tukaendelea na zoezi. Kila nilipogonga sahani, mikono iwe mitupu, shika gauni la aliye mbele yako, toka, simama uwanjani. Wakazoea kutangulia. Wakaanza hata kulipenda, wakaliita kushuka meli, wakawa wanashindana nani atafika goli la netiboli kwanza. Mmoja tu ndiye aliyenishinda. Alikuwa mdogo wa umbo, baba yake mkulima wa mahindi upande wa Moi's Bridge, na sanduku lake la kijani lilikuwa limeandikwa jina la ukoo wao kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za gari la serikali. Kila zoezi alitoka na wenzake mikono mitupu, kisha akageuka akarudi ndani kulichukua.

Siku moja nilimkalisha chini. Nikamwambia kwa ukali kwamba akirudi ndani siku ya moto wa kweli atakufa, na sanduku litaungua vilevile.

"Baba alisema nikipoteza hii sanduku nisirudi nyumbani," akasema.

"Mwambie ni mimi nilikukataza. Nitaongea na yeye mwenyewe."

"Wewe hujui Baba."

Kweli sikumjua. Lakini niliwajua baba wa namna yake. Sanduku lile lilitengenezwa na fundi mjini, likapita kijijini juu ya baiskeli majirani wakiliona, na ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho nyumba ile iliweza kumpa binti yake. Sikuweza kumwambia halina thamani. Nikamwambia tu kwamba zoezi halitaisha mpaka yeye atoke asigeuke. Tukarudia mbele ya wenzake waliochoka, wakimnung'unikia, mpaka siku moja akasimama uwanjani ameuma midomo, mikono ameifumbata nyuma, asigeuke.

Ikaja Machi. Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto, lakini wahenga hao hawakuishi kwetu Uasin Gishu kabla ya mvua. Mwezi ule mashamba yote yanayotuzunguka yalikuwa yakichoma mabua kusafisha ardhi kabla ya kupanda, na kila alasiri upepo ulituletea moshi mpaka nguo kambani zikanuka. Tulikula moshi, tukalala moshi. Hakuna aliyeinua kichwa tena kwa sababu ya moshi.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, saa ya kupumzika. Mtu upande wa mbele alikuwa amepiga pasi gauni la kanisani, akaiacha pasi ya makaa juu ya godoro. Nani, hatukujua kamwe, na sijataka kujua. Mimi nilikuwa kitandani upande wa nyuma nikishona kifungo. Moshi ulipoanza kuingia niliuchukulia kama kawaida. Kisha nikasikia harufu. Mabua yananuka nyasi na vumbi. Huu ulinuka pamba na sponji.

Nikachukua sahani nikagonga.

Wa kidato cha kwanza hawakuuliza. Hawakunusa, hawakuchungulia dirishani, hawakujadiliana. Walishuka vitandani kama walivyoshuka siku zote, wakashikana magauni, mmoja akavuta komeo, wakatoka. Nilisimama kando ya mlango nikiwagusa bega kila mmoja anapopita. Yule wa sanduku la kijani alipofika karibu nami alilitazama chini ya kitanda. Nikaona mkono wake unanyooka. Kisha akashika gauni la mwenzake kwa mikono yote miwili akapita.

Nikageuka nikawapigia kelele wa upande wa mbele. Rafiki yangu aliinua mkono bila kuinua kichwa, akaupunga kama mtu anayefukuza nzi. "Ni mabua," akasema. "Tuache tulale."

Meli ilikuwa na taa na joto. Niliikumbuka sentensi ile palepale, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyowachukia wenzangu wakati ule, kwa jinsi nilivyowapenda. Kisha moto ukaipata dari. Hadibodi iliwaka kwa mlio, na ndipo wote wakaruka kwa pamoja, na kila mmoja akashika kitu kimoja: sanduku lake.

Nilizunguka nje mbio kwenda mlango wa mbele. Masanduku mawili yalikuwa yamekwama mlangoni, moja juu ya jingine, na mengine yakisukumwa nyuma yake. La kwanza lilikuwa la rafiki yangu. Alikuwa amelishika mpini akivuta kwa ndani huku wenzake wakimkandamiza. Nililipiga teke kutoka nje, halikusogea. Nikapiga kelele waende nyuma, mlango uko wazi. Nililisema mara nyingi mpaka sauti ikakatika. Ndipo mmoja akasikia, akageuka, na waliobaki wakamfuata, wakapita wakiinama katikati ya vitanda vya kidato cha kwanza, wakatokea uwanjani kwa ule mlango waliouchukia. Rafiki yangu alitoka wa mwisho, akitambaa. Hakuuachia mpini mpaka bati lilipomkata kiganja, na mwaka ule aliandika mtihani kwa mkono ambao haukuwahi kunyooka tena vizuri.

Tulihesabiwa uwanjani. Wote tulikuwapo. Madam alikuja akikimbia na kiatu kimoja, akatuhesabu tena yeye mwenyewe, kisha akaanza upya. Chifu alifika na vijana wake wa chama, akauliza nani ameanzisha mgomo. Madam hakugeuka hata kumtazama.

"Ni moto, Chifu," akasema. "Si unaona."

Wazazi waliitwa kuja kuwachukua binti zao. Walifika mmoja mmoja siku iliyofuata, wengine bado na nguo za kanisani. Baba wa yule mtoto wa sanduku la kijani alifika mchana, akapitia kwanza kwa Madam, mtu mrefu aliyevaa koti zito na viatu vya mpira, na sikuhitaji kuonyeshwa. Alisimama mbele ya mabati yaliyojikunja. Masanduku yalionekana wazi katika majivu, meusi yote, rangi zimeungua, huwezi kujua la nani ni lipi. Binti yake alisimama pembeni, amevalia sweta ya kuazima, hathubutu kumkaribia.

Nilikuwa nimeahidi, nikaenda. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, ni mimi nilimwambia aache sanduku. Kama kuna kosa ni yangu."

"Wewe ndio unaitwa Mama Meli?"

"Ndio, Mzee."

"Na hawa wakubwa wenzako, nani aliwafundisha kufunga mlango na masanduku?"

Nikamwambia nitawafundisha shule ikifunguliwa, wapende wasipende. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei, kisha akamgeukia binti yake na kuanza kugomba. Aligomba juu ya sanduku, kazi ya fundi wa mjini, halijamaliza hata muhula. Aligomba juu ya blanketi jipya na sweta iliyofumwa na mama yake mwezi mzima. Aligomba juu ya viatu. Mtoto aliinamisha kichwa, machozi yakimtiririka, na mimi nikasimama pale nikiona nimemponza.

Ndipo nikaona mkono wa yule mzee. Tangu alipoanza kugomba alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, kwa nguvu, vidole vimezunguka vikakutana. Akaendelea kugomba walipovuka uwanja, akagomba walipopita lango, na kule barabarani bado nilimsikia akiuliza blanketi kama lile atalipata wapi tena. Walisimama muda mrefu kungoja gari. Alipotaka kupangusa jasho alitumia mkono mwingine.